Vyumba Walivyovihama: Jumba la Kitume la Vatican na Wakazi Wake

Somo letu leo ni nyumba. Ni nyumba ya mbali, na wengi wetu hatutaikanyaga. Lakini yaliyoamuliwa ndani yake yalifika hadi kwenye fukwe zetu karne nyingi kabla hatujazaliwa, na ndiyo maana nimeona inatuhusu.

Nianze na mlango. Asubuhi ya tarehe 21 Aprili 2025 Papa Fransisko aliaga dunia. Siku hiyohiyo, kwa desturi ya kale, kamerlengo, yaani kardinali anayesimamia mambo ya Kanisa pale kiti cha Petro kinapobaki wazi, alifunga milango kwa utepe mwekundu na kuutia lakiri. Milango ilikuwa miwili. Mmoja ni wa makazi yake katika Nyumba ya Mtakatifu Marta, nyumba ya wageni alimoishi miaka 12 ya upapa wake. Wa pili ulikuwa juu, ghorofa ya tatu ya Jumba la Kitume, kwenye makazi rasmi ya Mapapa, ambako Fransisko hakulala hata usiku mmoja. Mlango wa marehemu ulifungwa, na mlango wa chumba alichokikataa marehemu ukafungwa vilevile.

Nilipoiona picha ya lakiri ile ya pili nilikaa nayo kwa muda mrefu. Tulizoea kusema kwamba Fransisko alivunja mila alipokataa kuhamia jumbani. Mimi nadhani aliifuata, na ni mila kongwe kuliko wengi wanavyojua. Sehemu kubwa ya jumba lile ilizaliwa kwa sababu Papa fulani hakutaka kulala pale alipolala mwenzake. Huko nitarudi; kwanza tulijue jumba lenyewe.

Mtu akisema "Jumba la Kitume" hasemi jengo moja. Ni majengo yaliyoshikana ubavu kwa ubavu upande wa kaskazini wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro, yamejengwa juu ya kilima, kila zama zikiongeza ukuta wake, ngazi yake, ua wake. Vyumba vinatajwa kuwa zaidi ya elfu moja. Humo zimo ofisi, vikanisa, maktaba, kumbi za kupokelea marais na mabalozi, na sehemu kubwa ambayo leo ni makumbusho. Makazi ya Papa mwenyewe ni vyumba vichache tu, kama kumi, kwenye pembe ya juu inayotazama Uwanja wa Mtakatifu Petro.

Zamani Mapapa hawakuishi hapo. Kwa karne nyingi makao yao yalikuwa Lateran, upande wa pili wa mji. Kisha wakahamia Avignon, Ufaransa, na kukaa huko tangu 1309 hadi 1377. Waliporudi walikuta Lateran imeunguzwa na moto mara mbili na imechakaa, Roma yenyewe imekuwa mji wa magofu na mbuzi. Vatican palikuwa na boma lililoanzishwa karne ya 13, lipo karibu na kaburi la Mtume Petro, tena karibu na ngome ya Sant'Angelo ya kukimbilia siku ya hatari. Wakahamia hapo.

Aliyelifanya boma lile kuwa jumba la zama za Mwamko ni Nikolao V, aliyekuwa Papa kuanzia 1447 hadi 1455. Alikuwa mtoto wa tabibu, msomi aliyependa vitabu kuliko kitu chochote, na ndiye aliyeweka msingi wa Maktaba ya Vatican. Aliita wajenzi na wachoraji. Mwandishi wa maisha yake, Giannozzo Manetti, anaeleza kwamba akiwa kitandani pa mauti aliwaita makardinali akawaambia kwa nini alijenga: kwamba wasomi wanaweza kuijua imani kwa vitabu, lakini watu wasiosoma wanahitaji kuona kitu kikubwa kisichoyumba, wakikiona wadumu. Ni hoja nzito, na mimi siidharau. Mtu aliyekulia kijijini, kanisa la matofali likiwa ndilo jengo refu kuliko yote aliyowahi kuyaona, anaielewa.

Kwa ajili ya sala zake binafsi Nikolao alimwita mtawa wa Kidominiko, Fra Angelico, amchoree kikanisa kidogo ndani ya jumba. Kuta zake zina maisha ya mashemasi wawili, Stefano na Laurenti. Kishikeni kikanisa hiki, maana nitakirudia.

Lakini Nikolao huyuhuyu ndiye aliyetoa hati mbili ambazo Mwafrika hawezi kuzipita kimya. Mwaka 1452 na tena tarehe 8 Januari 1455 alimpa mfalme wa Ureno idhini ya kuvamia nchi za wasio Wakristo, kutwaa mali zao na kuwatia utumwani. Hati ya pili, iitwayo Romanus Pontifex, inataja Afrika waziwazi. Mkono uliofungua maktaba ndio uliotia muhuri hati hizo. Sijui njia ya kuyasema mambo haya mawili kwa sauti mbili tofauti, kwa hiyo nayasema kwa sauti moja.

Baadaye alikuja Sisto IV, aliyejenga kikanisa kinachobeba jina lake, Kikanisa cha Sisto, chenye urefu wa mita 40 na ushee, upana wa mita 13 na kimo cha mita 20. Botticelli, Perugino, Ghirlandaio na Rosselli walichora kuta zake mwaka 1481 na 1482. Dari ya Michelangelo ilikuja baadaye, kati ya 1508 na 1512, na Hukumu ya Mwisho baadaye zaidi. Habari za kikanisa hicho mmezisikia mara nyingi, tuendelee.

Mwaka 1492 alichaguliwa Rodrigo Borgia, akaitwa Aleksanda VI. Alichagua vyumba vya ghorofa ya kwanza akampa kazi mchoraji Pinturicchio, naye akavipamba kwa dhahabu na rangi ya buluu ya gharama kubwa, kwa watakatifu na manabii, na kwa ng'ombe dume aliyekuwa alama ya ukoo wa Borgia. Katika dari ya chumba kimojawapo walichorwa Isis na Osiris, miungu ya Misri ya kale, pamoja na fahali Apis, ili fahali wa Borgia apate nasaba ya kale. Papa mwenyewe amechorwa amepiga magoti mbele ya Kristo mfufuka, ameviweka viganja pamoja, amevaa joho lililotariziwa dhahabu. Picha ni nzuri mno. Maisha ya aliyechorwa hayakufanana nayo: alikuwa na watoto aliowatajirisha kwa mali ya Kanisa, alinunua na kuuza vyeo, na mwaka 1493, akiwa mkazi wa vyumba hivyo, alitoa hati ya kuigawa dunia mpya kwa faida ya Hispania. Miaka mitano tu baadaye merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga Malindi.

Aleksanda alifariki mwaka 1503. Aliyemfuata alikaa siku chache, kisha akachaguliwa Giuliano della Rovere, Yulio II, adui mkubwa wa Borgia. Yulio alikaa katika vyumba vile miaka minne. Kisha, Novemba 1507, alichoka. Tunayajua haya kwa sababu msimamizi wake wa ibada, Paris de Grassis, alikuwa akiandika kila siku yaliyotokea. Papa alimwambia kwamba hataki tena kuishi mahali ambapo kila saa anaiona sura ya mtangulizi wake, mtu aliyemchukia. De Grassis akamshauri kwamba picha inaweza kukwanguliwa ukutani. Yulio akajibu kwamba hilo halifai. Picha ibaki. Yeye atahama.

Ndugu zangu, jambo hili nimelitafakari kwa miaka. Yulio II hakuwa mtu mpole. Alivaa deraya akaenda vitani, alimtisha Michelangelo, alibomoa kanisa la kale la Mtakatifu Petro lililokuwa na umri wa zaidi ya miaka elfu ili ajenge jipya. Kubomoa kulikuwa tabia yake. Angeweza kutuma fundi mmoja na patasi, na kwa nusu saa uso wa Aleksanda ungekuwa vumbi sakafuni. Hakufanya. Aliona kwamba aliyekuwa Papa alikuwa Papa, na ukuta usidanganye. Akapanda ghorofa ya juu yake, ya pili, akaanza upya.

Kule juu ndiko alikoitwa kijana wa miaka 25 kutoka Urbino, Raffaello. Vyumba vinne vinavyoitwa kwa jina lake vilianza kuchorwa mwaka 1508, na kazi ikaendelea hadi 1524, miaka minne baada ya kifo chake. Chuki ya Yulio kwa vyumba vya chini ndiyo iliyotupa ukuta mmoja uliojaa fikra kuliko kuta zote ninazozijua.

Niwaeleze kidogo jinsi unavyochorwa ukuta wa namna ile. Fundi anapaka lipu ya chokaa na mchanga, na mchoraji anatia rangi iliyochanganywa na maji tu wakati lipu bado mbichi. Chokaa inapokauka inaishika rangi, ikawa sehemu ya ukuta wenyewe. Kwa hiyo kila asubuhi hupakwa kipande kinachoweza kumalizika siku hiyo, basi. Ukikosea, unabandua kipande kizima kesho yake. Wataalamu wakiukagua ukuta kwa karibu wanaona maungio, na wanahesabu siku: huu ni uso wa siku moja, lile ni joho la siku mbili. Kazi haina kitendawili. Ni nidhamu ya mwashi na mkono usiotetemeka.

Chumba kinachoitwa Segnatura, kilichomalizika 1511, huaminika kuwa kilikuwa maktaba ya Yulio. Ukuta mmoja una wanatheolojia waliozunguka Ekaristi. Ukuta unaoukabili una wanafalsafa, picha maarufu ya Shule ya Athene. Katikati wanatembea Plato, kidole chake kikielekea juu, na Aristotle, kiganja chake kikielekea ardhini. Pembeni, upande wa kushoto chini, mwanamume mwenye kilemba cheupe ameinama juu ya bega la Pitagora anayeandika. Kwa kawaida hutambuliwa kuwa Ibn Rushd wa Kordoba, Mwislamu, kadhi na tabibu, aliyewafafanulia Walatini vitabu vya Aristotle. Yumo chumbani mwa Papa tangu 1511. Nawaambia hili ninyi mlioketi hapa, Waislamu kwa Wakristo, kwa sababu nimewahi kusikia wa pande zote mbili wakisema kwamba mwingine hakuwahi kuchangia chochote. Nendeni mkamwone amesimama pale, anasoma.

Lakini turudi kwenye tarehe. Mwaka 1505 mbunifu Bramante alianza, kwa amri ya Yulio, ua mkubwa wa Belvedere wenye urefu wa takriban mita 300, ukipanda kilima kwa ngazi na matuta. Mwaka huohuo, mwezi Julai, jeshi la Ureno likiongozwa na Francisco de Almeida liliingia Kilwa likaiteka na kuipora. Agosti likaiteketeza Mombasa. Siwaambii kwamba Yulio aliamuru hayo, hakuamuru. Nawaambia kwamba idhini waliyokuja nayo Wareno ilikuwa imetoka katika nyumba ile, katika meza ya mtu aliyekuwa akipenda vitabu, miaka 50 kabla. Wakati mafundi wa Roma wanapanga mawe, mawe ya Kilwa yalikuwa yanaanguka.

Jumba nalo lilikuja kuonja. Tarehe 6 Mei 1527 askari wa Kaisari Karoli V, wasiolipwa na wenye njaa, waliingia Roma. Walinzi wa Uswisi, kikosi kilichoanzishwa na Yulio mwaka 1506, walikuwa 189, walikufa 147. Waliobaki walimpitisha Papa Klementi VII kwenye njia iliyojengwa juu ya ukuta, yenye urefu wa mita 800 hivi, hadi ngome ya Sant'Angelo. Hadi leo walinzi wapya wanakula kiapo tarehe hiyohiyo ya Mei. Wavamizi walilala katika vyumba vya Raffaello. Kwa ncha za silaha zao walikwaruza maandishi kwenye rangi, na jina la Luther, mwanamageuzi wa Kiprotestanti, linaonekana bado kwenye picha ya wanatheolojia. Warekebishaji wa nyakati zetu wameliacha. Picha ya Aleksanda na kwaruzo la askari, vyote vimeachwa ukutani, na kwa sababu ileile.

Karne ile haijaisha akaja Sisto V, mtu wa haraka kupita kiasi. Kwa miaka mitano tu ya upapa, 1585 hadi 1590, aliigeuza Roma. Fundi wake Domenico Fontana alilihamisha obeliski la jiwe moja, lenye urefu wa mita 25, hadi mbele ya kanisa kuu mwaka 1586, kwa watu 900 na farasi wengi waliozungusha winchi. Jiwe hilo lilichongwa Misri. Kaisari Kaligula ndiye aliyelivusha bahari. Kwa hiyo, Papa akifungua dirisha, kitu kirefu kuliko vyote anavyoviona mbele yake uwanjani kimetoka Afrika. Sisto naye hakuridhika na vyumba vya waliomtangulia. Alimwagiza Fontana ajenge jengo jipya upande wa mashariki, lile la mraba tunaloliona kwenye picha likiinuka juu ya nguzo za uwanja. Sisto alikufa kabla halijakamilika. Wengine wakalimalizia.

Na wakaliacha! Mapapa wa wakati huo walikuwa wameanza kupendelea jumba la Quirinale, juu ya kilima chenye upepo mzuri, mbali na homa za bonde la Tiber. Kwa karibu karne tatu Quirinale ndipo walipoishi zaidi, na Vatican ikawa ya ibada na vitabu. Walirudi kwa nguvu, si kwa hiari. Tarehe 20 Septemba 1870 jeshi la Italia liliingia Roma, mfalme akaichukua Quirinale, na Pio IX akajifungia Vatican akijiita mfungwa. Hali hiyo ilidumu hadi mkataba wa Lateran wa tarehe 11 Februari 1929, uliozaa dola ya hekta 44.

Hapa naomba nirudi nyuma kidogo, kwa mgeni mmoja. Kama mna nafasi ya kukumbuka jina moja tu jioni ya leo, basi liwe hili: António Manuel Nsaku Ne Vunda.

Alikuwa mtu wa ukoo mkubwa wa Kongo, Mkristo, msomi. Mfalme wake, Álvaro II, alimtuma Roma mwaka 1604. Kongo ilikuwa na Ukristo zaidi ya karne moja, na tangu 1596 ilikuwa na jimbo lake, São Salvador, lakini kumteua askofu ilikuwa haki ya taji la Ureno. Mfalme alitaka kusema na Papa mwenyewe, uso kwa uso, bila Mreno kukaa katikati. Angalieni alichokuwa anakidai: kwamba milango ya nyumba ile imfungukie kama inavyowafungukia wafalme wengine.

Safari ilichukua karibu miaka minne. Alipitia Brazil, akaporwa na maharamia wa Kiholanzi, akakaa Lisbon, akacheleweshwa Hispania. Wengi wa wafuasi wake walikufa njiani. Alifika Roma mwanzoni mwa Januari 1608, mgonjwa hoi. Papa Paulo V alikuwa amemwandalia mapokezi makubwa siku ya Epifania, sikukuu ya Mamajusi, ili watu wa Roma wamwone mjumbe wa mfalme kutoka mbali akija na heshima zake. Badala yake Ne Vunda alilazwa ndani ya jumba. Papa alishuka akaenda kumwona kitandani na kumbariki. Alifariki mkesha wa Epifania, na maandamano yaliyopangwa kwa mapokezi yakawa ya mazishi.

Tukio hilo la Papa kando ya kitanda limechorwa ukutani, katika vyumba vya Maktaba ya Vatican. Nalo kaburi lake liko katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Maria Mkuu, ambako sanamu yake ya kichwa na mabega, ya jiwe jeusi, imevaa vazi la nyumbani kwao. Yeye hakurudi kusimulia, na alilotumwa hakulipata. Lakini nyumba iliyotoa hati za mwaka 1452 na 1455 ilimpokea Mwafrika kama balozi wa mfalme, ikampa kitanda, na mwenye nyumba akaja kukaa naye. Fransisko alipoandika wosia wake kwamba asizikwe Vatican, alichagua kanisa hilohilo la Maria Mkuu. Wamelala chini ya paa moja.

Ilibidi karne tatu na nusu zipite kabla Mwafrika mweusi hajaingia jumbani si kama mgeni bali kama mwenye sauti. Tarehe 28 Machi 1960 Yohane XXIII alimpa ukardinali Laurean Rugambwa, mzaliwa wa Kagera, kardinali wa kwanza Mwafrika mweusi wa zama zetu. Juni 1963, chini ya dari ya Michelangelo, Rugambwa alipiga kura kumchagua Paulo VI. Akaingia tena mara mbili mwaka 1978. Na Mei 2025, kati ya makardinali 133 waliopiga kura katika kikanisa hicho, alikuwemo Protase Rugambwa wa Tabora. Wazee wangu waliopo wanakumbuka redio na shangwe za mwaka 1960. Mimi nilisimuliwa na mama.

Sasa dirisha. Pio X, aliyechaguliwa 1903, ndiye aliyehamisha makazi ya Papa kupanda ghorofa ya tatu ya jengo la Sisto V. Hata yeye alihama, mnaona. Mtangulizi wake aliishi ghorofa ya chini yake. Tangu wakati wa Pio XII, mwaka 1954, ikazoeleka Papa kusali Malaika wa Bwana pamoja na watu Jumapili saa sita mchana. Dirisha ni la pili kutoka kulia, la chumba chake cha kazi. Chumba cha kulala kiko pembeni, na hapo ndipo Yohane Paulo I alipokutwa amefariki Septemba 1978 baada ya siku 33 tu, na hapo ndipo Yohane Paulo II alipofariki usiku wa tarehe 2 Aprili 2005. Siku zile watu maelfu walikesha uwanjani wakitazama taa za madirisha yale. Wiki ile, Jumatano, alikuwa ametokea dirishani, akajaribu kusema, sauti isitoke. Alibariki kwa mkono tu.

Fransisko alipopelekwa kuyaona makazi yale mwaka 2013, hakusema kwamba ni ya anasa. Katika mahojiano na Padre Antonio Spadaro mwaka huo alieleza kwamba ni makubwa na ya staha, lakini mlango wake ni mwembamba kama faneli iliyopinduliwa: watu wanaingia kwa kudondoka mmojammoja, naye hawezi kuishi bila watu. Akabaki katika Nyumba ya Mtakatifu Marta, akila ukumbini pamoja na wengine. Lakini dirisha hakuliacha. Siku za Jumapili alipanda, akasali na watu, akawatakia mlo mwema, akashuka. Wageni wa dola aliendelea kuwapokea jumbani. Alichokifanya ni alichokifanya Yulio: alihama chumba, hakukikwangua.

Mwaka 2023, tarehe 30 Machi, Vatican ilitangaza kwamba inayakataa mafundisho yaliyotokana na hati zile za karne ya 15, yaliyohalalisha kutwaa nchi za watu. Miaka 568 baada ya Romanus Pontifex. Wapo wanaosema tangazo lilichelewa. Wana haki kabisa. Wapo wanaotaka hati zenyewe zichomwe. Hao siwafuati. Hati zimo katika hifadhi, kama Aleksanda alivyomo ukutani, na Mwafrika anayekwenda kuzisoma lazima azikute.

Kila nikizungumza juu ya jumba hili, kijana mmoja husimama na kuuliza kwa nini lisiuzwe, fedha wakapewa maskini. Swali ni la haki na halinikasirishi. Mwaka 1988 Yohane Paulo II alimkabidhi Mama Teresa nyumba ndani ya Vatican kwa ajili ya wasio na makao, na mwaka 2019 Fransisko alilitoa jumba la Palazzo Migliori, hatua chache tu kutoka nguzo za uwanja, lililoweza kufanywa hoteli ya kitajiri, likawa malazi ya watu waliokuwa wakilala barabarani. Hayo ni mwanzo, na ni madogo kuliko deni. Lakini ukuta wa Raffaello ukiuzwa utanunuliwa na mtu mmoja, naye atafunga mlango, na yule mwenye kilemba hataonekana tena na mtoto wa shule kutoka Tabora.

Jibu langu refu zaidi limo katika kile kikanisa cha Nikolao V nilichowaomba mkishike. Mtakatifu Laurenti alikuwa shemasi wa Roma katika karne ya tatu. Watawala walipomwamuru alete hazina ya Kanisa, yeye aliigawa kwa maskini, kisha akawaleta maskini wenyewe akasema hazina ni hawa, akauawa. Fra Angelico amemchora akisimama mlangoni pa kanisa na mfuko wa fedha mkononi. Mbele yake yuko kiwete aliyekaa chini, amenyoosha mkono apokee sarafu. Kulia anakuja kipofu akipapasa njia kwa fimbo. Mama amempakata mtoto. Watoto wawili wamepata chao, wanaondoka wamekumbatiana.

Picha hiyo ilikuwepo ukutani Nikolao alipokuwa akisali humo, na ilikuwepo Januari 1455, mwezi alipotoa hati ya kuwatia watu wetu utumwani. Aliiona. Nimeshindwa kuelewa, na sitajifanya nimeelewa.

Kikanisa hicho hakimo katika njia ya kawaida ya watalii. Umati unapita karibu sana ukielekea kwa Raffaello na kwa Michelangelo, mlango wake mdogo ukiwa umefungwa. Tarehe 11 Mei 2025 Papa Leo XIV, mrithi wa Fransisko, alipanda ghorofa ya tatu, utepe ukaondolewa, lakiri ikabanduliwa, naye akaingia. Tarehe 25 ya mwezi huohuo alifungua dirisha kwa mara ya kwanza. Mimi, nikifika Roma tena, nitaomba nifunguliwe ule mlango mwingine.